Mkasi wa mama ulipoanza kumponyoka

Mama yangu ni fundi cherehani, na nyumba yetu hapa Tanga imeishi kwa sare za shule. Januari moja, msimu wenyewe wa kazi, nikamkuta anakata kitambaa kwa mikono miwili, mkasi kaushika kama mtu anayekata bati. "Umekufa makali, mwanangu," akasema. Tukaupeleka kunolewa. Ukarudi mkali kama wembe, na bado ukamponyoka.

Daftari nilianza kuandika miezi mitatu baadaye, kandambili ya mguu wa kulia ilipoanza kubaki nyuma akitembea. Sikuandika "anaumwa". Niliandika tarehe na kitu kilichomshinda: kifungo cha blauzi, ufunguo wa kabati, kukamua nazi. Usiku misuli ya mguu inakaza. Nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada imebonyea, mkono wa kulia tu. Na begani, chini ya ngozi, nyama inachezacheza yenyewe kama rasharasha juu ya maji. Kope hata yangu hucheza nikikosa usingizi, ila mimi sikondi wala sipotezi nguvu.

Majirani walisema kiharusi. Kiharusi humpiga mtu ghafla. Hiki kilikuja kama mchwa kwenye boriti. Hospitali ya kwanza walisema shingo, wakamvalisha kola na kumpa dawa za maumivu, maumivu ambayo hakuwa nayo! Miezi ikapotea hapo.

Daktari wa neva, Dar es Salaam, alilisoma daftari kabla ya kumgusa. Akamtazama mikono na ulimi, kimya. Kisha akagonga goti kwa kinyundo: mguu umekonda, lakini uliruka mpaka mama akashtuka. Nguvu zinapungua huku mguu unaruka hivyo. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Ikafuata picha ya MRI ya shingo ili kuondoa magonjwa mengine, na kipimo cha sindano kwenye misuli. Kipimo kimoja cha damu cha kumaliza ubishi hakuna.

Ni ALS, akasema. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakufa; kuhisi kunabaki. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza, wachache huvuka sana. Dawa ya riluzoli huuchelewesha ugonjwa kwa miezi, haiponyi. Mama akauliza, "Cherehani je?" Daktari akainama.

Baada ya hapo daftari likawa la kujua nini kinakuja. Sauti ikawa ya puani, maneno mazito kama ya mlevi. Chai ilimpalia kuliko ugali laini, basi vinywaji nikaanza kuvifanya vizito kama uji, naye anameza kidevu kakiinamisha. Msibani alicheka asiweze kujizuia, watu wakanuna. Kumbe nalo ni la ugonjwa. Nililokaribia kulipuuza ni kichwa kumuuma kila akiamka. Nilidhani presha. Ilikuwa pumzi, misuli ya kifua inachoka usiku akiwa amelala chali. Sasa analala ameegemezwa kwa mito, na mashine ya pumzi ya usiku tunaifuatilia.

Macho hayajaguswa. Nimemchorea herufi kwenye kadibodi. Napitisha kidole, naye anapepesa ninapofika anayoitaka. Jana nilikuwa natoka kwenda harusini, akanizuia kwa macho. P. I. N. D. O. Nikajitazama gauni. Pindo lilikuwa limekwenda upande.