Asubuhi ya kometi na ugomvi wa darubini

Mwisho wa Septemba 2024 mimi na mdogo wangu tulipanda juu ya paa alfajiri, bado giza, kutafuta kwa darubini ya mkononi ile kometi (nyota yenye mkia, kama watu wanavyoiita) ya Tsuchinshan-ATLAS. Nilikuwa naifuatilia tangu ilipogunduliwa 2023, na kusema ukweli katikati ya mwaka nilishaikatia tamaa, maana mwezi wa saba mwanasayansi Zdenek Sekanina aliandika kwamba itasambaratika kabla hata haijalifikia jua. Wapi! Tarehe 27 Septemba ikapita karibu na jua, kama kilomita milioni 58 hivi, huko huko inakozunguka sayari ya Utaridi, na ikatoka salama.

Sasa kometi ikishakuwa jirani na jua hivyo shida inakuwa muda. Ukiwahi sana haijachomoza, ukichelewa kidogo anga limeshakuwa jeupe huoni kitu, ukichelewa zaidi jua lenyewe linakuingilia kwenye lenzi, na hapo hakuna mchezo kabisa, kwa sababu darubini inakusanya mwanga wote inaumwaga ndani ya jicho na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu, unaungua wala hushtuki, baadaye ndo unaona doa katikati ya kila unachokitazama. Kwa hiyo usiku ule niliangalia kwenye simu jua linachomoza saa ngapi nikaweka alamu dakika 20 kabla. Ikilia, darubini chini. Dogo akasema sawa sawa, ila najua alivyo.

Yeye alikuja na miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua, eti tahadhari. Nikamwambia vaa basi uniambie unaona nini. Akavaa. "Kaka, mbona giza tupu?" Ndo hivyo, ile inaonesha jua peke yake, kometi utaisikia tu kwa watu.

Nikaanza kupekua mashariki pale pale chini, natoka kushoto kwenda kulia taratibu, nikimaliza napandisha kidogo narudi tena. Mara ya kwanza hamna. Kuna ukungu umelala chini kule nikaona huu utatunyima, lakini kilipopanda juu yake nikakiona: kichwa kidogo kinang'aa, rangi ya njano ya kufifia, na mkia umesimama kwenda juu kama mstari wa chaki uliopitishiwa kidole. Mkia kwenda juu ni kwa sababu jua liko chini yake bado limejificha, na mkia siku zote unalikimbia jua. Nikampa dogo darubini, akanyamaza (hilo kwake ni tukio), afu akaishusha akaitafuta kwa macho matupu akaipata, hafifu lakini ipo.

Basi alamu ikalia.

"Kaka dakika moja tu."

"Lete darubini."

"Si jua halijatoka bado! Bado kabisa!"

Sikubishana, nilimvua mkanda shingoni nikafunika lenzi. Alinuna jamani, akaendelea kukodoa macho matupu mpaka anga lilipoimeza kometi yote, na jua lilipochungulia tulikuwa tushageuka tunashuka, yeye mbele, hanisemeshi.

Siku zilizofuata kometi ikazidi kusogea upande wa jua, huku chini haionekani tena, ila kuanzia tarehe 7 Oktoba ikaingia kwenye picha za SOHO, chombo kilichorushwa angani 1995 kinachotazama jua kutwa kucha. Kamera yake ina kisahani kinachoziba jua katikati ili vilivyo pembeni vionekane, na kwa njia hiyo kimeshafichua kometi zaidi ya 5,000. Nikamwonesha dogo. Akaangalia weee, akasema, "Hawa wao hawana alamu."

Katikati ya Oktoba kometi ikahamia jioni, upande wa magharibi, na yeye ndo akawa wa kwanza kuniuliza leo tunaacha saa ngapi. Nikamwambia jioni tunasubiri jua lizame lote kwanza, baada ya hapo darubini ni yako mpaka uchoke mwenyewe.