Mtoto anayecheka ukutani

Nyumba ninayofanyia kazi hapa London, ya kumtunza mama mmoja mtu mzima sana, ina picha sita nyeusi na nyeupe kwenye ukuta wa ngazi. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nazifuta vumbi tu. Mawigi, mbwa, watu wamejazana chumbani kama abiria wa daladala. Nikasema haya ni mambo ya wazungu wa kale, nikapita na kitambaa changu.

Siku moja Bibi (namwita hivyo, na jina amelipenda) akanishika mkono mbele ya ile ya kwanza. "Hawa wanaozana," akasema. Nikatazama vizuri. Loo! Kumbe kikao cha mahari! Lodi mzee, yaani bwana mkubwa wa ukoo, mguu umefungwa bendeji kwa jongo, anaonyesha mti wa ukoo wake. Mfanyabiashara aliyevaa miwani, baba wa binti, anakagua mkataba, pesa ziko mezani. Ila hapa anayetoa ni yeye baba, apate kuitwa mkwe wa wakubwa. Na maharusi wenyewe? Bwana anajitazama kwenye kioo, binti anachezea pete huku wakili akimnong'oneza. Pembeni mbwa wawili wamefungwa mnyororo mmoja. Mawifi zangu wa Tanga wangeimaliza picha ile kabla chai haijapoa.

Picha zote sita ni kisa kimoja, na aliyezitunga ni William Hogarth, mchoraji wa Kiingereza. Alizipaka rangi kwanza, kisha mafundi wa Kifaransa wakazichonga kwenye mabamba ya shaba, nazo zikatoka mwaka 1745. Seti nzima ilikuwa gini moja, yaani shilingi 21 (za kwao hizo, usicheke). Picha ya rangi hununuliwa na tajiri mmoja, lakini bamba la shaba linatoa nakala kwa mamia, na hapo ndipo alipopata riziki yake. Ila alikuwa keshaumwa na nyoka: kisa chake cha msichana wa shamba aliyeharibiwa na jiji, cha mwaka 1732, kiliigwa na wachapaji ovyo bila yeye kuona senti. Akapigania jambo hilo na wenzake hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 1735, ya kumlinda mchongaji kwa miaka 14. Wanamuziki wetu waliokuta kanda zao zinauzwa barabarani Kariakoo wanamwelewa.

Za Bibi ni nakala za baadaye tu. Picha zenyewe za rangi ziko National Gallery, jumba la sanaa hapa London, na kuingia ni bure, kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nikaenda (na baridi ilichangia, nisidanganye). Nikashangaa kila kitu kiko upande mwingine! Aliye kushoto ngazini, kule yuko kulia. Kumbe shaba ikigandamizwa kwenye karatasi, picha hugeuka.

Ndoa yenyewe inaishia pabaya. Mume anauawa, wakili anatorokea dirishani na nguo ya kulalia, mke anakunywa sumu. Na baba yake, binti bado anakata roho, anamvua pete ya dhahabu kidoleni. Pale Bibi huwa hasimami.

Mimi nasimama kwenye ya nne. Bibiye anatengenezwa nywele, wageni wanasikiliza mwimbaji, wakili kajinyoosha kwenye sofa. Mwanamume mweusi anapitisha vikombe vya chokoleti. Chini kabisa amekaa mtoto mweusi mwenye kilemba, mmoja wa wale walioletwa London utumwani wakavishwa mapambo ili tajiri aonekane tajiri. Ameshika kisanamu cha mtu mwenye pembe, anazigusa kwa kidole, anacheka. Ilibidi Bibi anieleze: kwao, mume aliyeibiwa mke husemwa ameota pembe. Chumba kizima kimejaa watu na mtoto yule ndiye anayesema wazi kinachoendelea, na hakuna anayemtazama.

Jumapili iliyopita watoto wa Bibi walikuja. Wakafunga mlango wa sebuleni, wakaanza kubishana kuhusu kuiuza nyumba, nani achukue nini, Bibi apelekwe wapi. Mlango ni mwembamba. Nilikuwa napandisha chai yake juu. Nilipofika kwenye ya nne nikaweka sinia kwenye ngazi, nikamfuta yule mtoto vumbi ingawa nilishamfuta asubuhi.