Mihuri miwili chini ya kikombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Mhubiri 4:9, wawili ni afadhali kuliko mmoja, maana wanapata ijara njema kwa kazi yao. Miaka yote nimelisikia kwenye harusi nikajua ni la maharusi, kumbe linaongelea kazi na malipo yake.

Kuna wafinyanzi wawili nimewawaza wiki nzima. Lucie Rie, mama wa Kiyahudi wa Vienna, aliwakimbia Wanazi 1938 akaenda London, akafungua karakana ndogo mtaa wa Albion Mews, na kipindi kile cha vita akawa anatengeneza vifungo vya nguo vya udongo (mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hapo ndo niliponasa). 1946 akaja kijana Hans Coper, naye mkimbizi, kutoka Ujerumani, ambaye Waingereza walishamweka kizuizini wakampeleka mpaka Kanada kisa katoka nchi ya adui, na kufinyanga alikuwa hajui kabisa. Mama akampa kazi ya vifungo. Alipouona mkono wake akamtuma akajifunze gurudumu la kufinyangia, na haikuchukua muda wakawa wanatengeneza pamoja vikombe, bakuli, birika za chai.

Sasa angalieni. Karakana ya mama, kamzidi kijana miaka 18, na ufinyanzi kaujua yeye kwanza. Lakini vyombo vile vya mezani ukivigeuza chini unakuta mihuri miwili, wa mama na wa kijana.

Coper alihama 1958. Na kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza, lililojengwa kando ya magofu ya lile lililopigwa mabomu na ndege za Ujerumani 1940, liliwekwa wakfu 1962 likiwa na vinara sita virefu vya mishumaa alivyotengeneza Coper. Mzaliwa wa Ujerumani, jamani! Mungu ana njia zake.

Mwaka jana nilipata oda ya majoho ya kwaya hapa Dodoma. Binti anayenisaidia, katoka Kondoa, ndiye aliyeshona kola zote, umeme ukikatika anamulika kwa simu anaendelea, halafu Jumapili watu wakazisifia zile kola mbele ya kanisa na mimi nikasimama nikasema amina, Bwana ametenda. Ni kweli alitenda, ila alitenda kwa mikono ya yule binti, na yeye alikuwa benchi la nyuma ananisikiliza. Juzi nimegeuza joho moja nikaangalia lebo. Jina langu peke yangu.

Jana nikaenda Majengo kuagiza lebo mpya. Kabla sijatoka nilimuuliza binti jina lake analitaka liandikweje, akanyamaza muda mrefu na sindano mkononi, halafu akanitajia, na la babu yake akaongeza.