Mahindi ya Shosho wa Maili Sita

Wiki jana mwalimu mmoja kijana wa shuleni kwetu aliniwekea fomu ya udhamini mezani, juu kabisa ya madaftari ya Gredi ya Sita niliyokuwa nikisahihisha. Amepata ploti upande wa Rongai, Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, imekubali kumkopesha, amebakisha mdhamini mmoja. "Madam, ni sahihi tu," akasema. Aliyewahi kumdhamini mtu kisha akaona makato ya mtu huyo yanaangukia pesilipu yake anajua sahihi huwa si tu. Nikamwambia aniachie niisome. Alipofika mlangoni akageuka: "Kwani nyinyi mlifanyaje wakati wenu?"

Nikamjibu tuliweka akiba. Ni kweli, tuliweka. Lakini kilichonijia kichwani wakati ule hakikuwa akiba, yalikuwa mahindi.

Mwaka ulikuwa 2014 na tulikuwa Free Area, Nakuru, chumba kimoja cha shilingi 4,500 kwa mwezi, choo cha pamoja, mfereji unaotoka maji siku unazotaka wenyewe. Naliaka alikuwa anaingia chekechea. Mpango wetu ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuishi: pesa ya Baba Naliaka ya kuchomelea mageti ndiyo ilipe kodi na chakula, mshahara wangu ukatwe na Sacco kabla sijauona. Niliwaambia kabisa wakate kiasi ambacho kingeniuma. Pesa usiyoishika huwezi kuikopesha shemeji.

Baba Naliaka ndiye aliyekuwa mwekahazina. Alinunua daftari la mraba la kurasa 96 na kila usiku akaandika. Sukari, mafuta ya taa, nauli, "soda ya mgeni". Siku moja nilikuta ameandika "mandazi – mama mtoto – 10" na hatukuzungumza mpaka asubuhi. Mageti nayo yana misimu yake. Januari hakuna anayetengeneza geti, watu wanalipa karo. Miezi kama hiyo nyama tuliisikia harufu kwa jirani. Krismasi ikapita hatujakwenda Kimilili, ikapita nyingine, na huko nyumbani wakaanza kusema tumekuwa matajiri.

Kaka yake Baba Naliaka alipiga simu akasema wazi kile ambacho wengine walikizungukazunguka. Mtu mzima, akasema, ananunuaje shamba Nakuru baada ya kuyaona ya ghasia za uchaguzi za mwaka 2008? Kwa nini usinunue kwenu? Sikuwa nimeusahau mwaka huo. Januari ile tulilala na viatu miguuni. Lakini kazi yangu iko Nakuru, mageti yako Nakuru, mtoto amezaliwa Nakuru na anatukana kwa lugha ya Nakuru. Baba Naliaka alimsikiliza kaka yake mpaka salio likaisha, kisha akaandika kwenye daftari: "simu – 50".

Akiba yangu ilipofika shilingi 110,000 nikaomba mkopo mara tatu yake, kama ulivyokuwa utaratibu: 330,000, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kwa miaka minne, makato ya mwezi wa kwanza yalizidi elfu kumi. Mhasibu aliitazama pesilipu yangu kwa muda, maana sheria inataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara, na theluthi yangu ilikuwa inapumua kwa shida. Ikapita. Zilizobaki tukazichanga kutoka kwa zamu yangu ya chama na zile alizokuwa amezificha Baba Naliaka kwenye M-Shwari, akiba ya simu, ambazo kwenye daftari hazikuwamo. Hilo nalo tuliliongea, siku nyingine.

Madalali nawaruka. Aliyenunua ploti Nakuru anawajua, na asiyenunua atawajua. Kiamunyi bei ilitushinda tukiwa bado kwenye matatu. Mwishowe mteja mmoja wa mageti akamwelekeza Baba Naliaka Maili Sita, kwenye barabara ya Nyahururu, kwa mzee aliyekuwa anakata ploti mbili za futi 50 kwa 100 kutoka kwenye shamba lake. Shilingi 380,000. Tukalipa 500 tukafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi: hati ni yake, haina mkopo wala zuio. Wakili akaandika makubaliano, tukatoa asilimia 10. Siku ya kwenda kuonyeshwa bikoni, yale mawe ya mipaka, mahindi yalikuwa yamenifika mabegani. Nikamwuliza mzee hayo je? Akayapungia mkono kama anayefukuza nzi. "Hayo ni mahindi tu."

Sasa, shamba la kilimo haliuzwi kwa wakili peke yake. Ni lazima Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itoe kibali, na maombi yawasilishwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Pasipo kibali mauzo ni batili hata kama umelipa yote. Tena muuzaji haji peke yake, anakuja na mke, na mara nyingi watoto wakubwa pia. Sheria za miaka ile, ya 2012 ya usajili wa ardhi na ya 2013 ya mali ya ndoa, zilikuwa zimewafanya wanabodi kuwa wakali zaidi kuhusu wake. Niliposikia hivyo kwa wakili nilifurahi. Mimi ni mwanamke, ningekosaje kufurahi?

Siku ya bodi ilikuwa Julai. Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya kanisa na harufu ya makoti yaliyonyeshewa. Watu tulijaa mpaka nje, kila ukoo na kona yake, na usingehitaji kuuliza nani anauza na nani ananunua: wauzaji walikaa wameachana nafasi, wanunuzi tulikaa tumebanana. Mkopo ulikuwa umeshaingia. Pesa zimelala kwenye akaunti na riba inatembea, 3,300 kwa mwezi huo wa kwanza, na Baba Naliaka alikuwa ananikumbusha hivyo kila foleni iliposimama.

Tulipoitwa ndipo nilipomwona shosho, mke wa mzee, kwa mara ya kwanza. Mzee hakuwahi kumtaja, na mara zote tulizokwenda pale hakutoka nje. Mwanamke mfupi, kitambaa cha bluu kichwani, koti la kiume, gamubuti. Kila mtu pale alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili, yeye alikuja na gamubuti zenye udongo mbichi, na kwenye soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imenasa mbelewele ya mahindi. Nakumbuka mbelewele hiyo kuliko ninavyokumbuka uso wa mwenyekiti. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, au alitaka tujue kwamba ametoka shambani.

Mwenyekiti akasoma namba ya shamba, ukubwa, bei. Akamwuliza mzee kama anauza kwa hiari yake. Anauza. Kuna shamba litakalobaki kwa familia? Litabaki. Kijana wao mkubwa akaulizwa, akasema amekubali, hata swali halijaisha. Kisha mwenyekiti akainua macho.

"Mama, unajua mzee anauza?"

"Najua."

"Na wewe umekubali?"

Shosho akanyamaza.

Mwanzoni ulikuwa unyamavu wa kawaida, wa mtu anayetafuta maneno. Mzee mmoja wa bodi akalirudia swali kwa Kikuyu, polepole, kwa adabu. Akanyamaza bado. Mzee wake akakohoa. Kijana akasogea mbele: "Amekubali, mheshimiwa, ni vile shosho ni mtu wa aibu."

"Wewe nimeshakuuliza," mwenyekiti akamwambia. "Rudi kwa kiti."

Nyuma yetu ukumbi wote ukatulia. Mtu akiuliza ni unyamavu wa dakika ngapi sitaweza kusema, lakini nilipata nafasi ya kuwaza mengi. Niliwaza 38,000 zetu za kwanza. Kisheria zingerudi, lakini zingerudi lini, na zikitoka mfukoni mwa nani? Niliwaza simu ya kaka yake Baba Naliaka. Nikajiambia, ni sisi. Ni majina yetu yaliyosomwa pale kwa sauti, majina ya kutoka magharibi, kwenye shamba ambalo mama huyu amelilima tangu ni msichana. Hataki tuwe majirani zake, na hawezi kusema mbele ya watu. Nikaanza hata kumkasirikia kwa jambo ambalo hakuwa amelisema.

Shosho akageuka akanitazama. Mimi, si Baba Naliaka.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ndiye ananunua, yeye na bwanake," mwenyekiti akasema.

"Uko na mtoto?"

"Niko na mmoja, shosho. Msichana."

Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akamgeukia mwenyekiti na kusema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mwenye akili angekuwa amelijua: "Mahindi yangu bado hayajakauka."

Ukumbi ukacheka. Wazee wa bodi wakacheka, kijana akacheka kwa kushukuru, hata mzee wake akaonyesha meno. Mwenyekiti hakucheka. Akanielekezea kalamu. "Umesikia? Mahindi ya huyu mama hayajakauka. Mtangoja avune?"

Upande wa Bahati na Maili Sita mahindi ya masika hukauka Oktoba kuelekea Novemba. Nilihisi kiwiko cha Baba Naliaka ubavuni, na nilijua kabisa kiwiko hicho kinasema nini: tulikuwa tumepanga kuinua chumba kimoja cha mabati Agosti, tuhame, kodi ife, ile 4,500 ianze kusaidia makato. Daftari lilikuwa limeandikwa hivyo mpaka Desemba, kwa kalamu, si kwa penseli.

"Tutangoja," nikasema.

Kiwiko kikatoka.

Shosho akasogezewa fomu. Hakutia sahihi, alitia dole gumba kwenye kidau cha wino, akalikandamiza pale alipoonyeshwa, akajifuta kwenye koti. Mwenyekiti akagonga muhuri, akaita jina linalofuata. Nje, mzee alitaka kutununulia chai. Shosho alikuwa ameshavuka barabara kwenda kungoja matatu.

Baba Naliaka hakunisemesha mpaka tulipofika stendi. "Umejibu bila kuniuliza," akasema. Nilikuwa nimejibu bila kumwuliza, ndiyo. Hata leo sijui ningemwuliza nini pale, na mwenyekiti amenielekezea kalamu.

Yaliyofuata yalikuwa ya makaratasi. Ushuru wa stempu asilimia 2 kwa kuwa ni mashambani (ndani ya mji ungekuwa 4), mpima ardhi, safari za kuambiwa faili halijapatikana, na siku moja hati ikatoka, ina majina yetu wawili. Mahindi yakavunwa Novemba. Shosho alikuja na wajukuu, akakata mabua yote, akayafunga matita, akaacha ploti safi kama uwanja wa shule. Tukainua chumba cha mabati kabla ya Krismasi, na hatukwenda Kimilili tena, safari hii kwa sababu mafundi walikuwa kazini. Vyumba vya mawe vimekuja baadaye, kimoja kimoja, na jikoni bado hakuna dari, kama mnavyojua mliowahi kufika.

Masika yaliyofuata nilitoka asubuhi nikakuta mistari ya maharagwe imechimbwa kwenye pembe ya ploti yetu ambayo hatukuwa tumeijenga. Baba Naliaka alitaka kwenda kuonyesha bikoni. Nikamwambia aache, pembe yenyewe hatuitumii. Shosho alilima pale msimu huo na mwingine, tukisalimiana juu ya ua, habari ya mtoto, habari ya mvua. Ploti ya pili mzee aliiuza kwa mtu wa Njoro. Pesa zetu, watu husema, zilikuwa dipoziti ya matatu ya yule kijana, na matatu yenyewe sijaiona.

Kitu kimoja hunisumbua nikirudisha nyuma ile siku. Namsikia akisema anajua. Namsikia akiniuliza habari za mtoto. Namsikia akisema mahindi hayajakauka. Neno lenyewe, kwamba amekubali, silisikii popote. Fomu inasema amekubali, na dole lake liko pale. Labda mahindi ndiyo yalikuwa kukubali kwake. Labda aliona hilo ndilo jambo pekee ambalo wanaume wale wangeweza kumpa, akaliomba, akalipata. Nilikaa naye ua kwa ua kwa miaka na sikumwuliza, na sasa masikio yake hayasikii vizuri, ningelazimika kupiga kelele, jambo lenyewe si la kupigiwa kelele.

Baba Naliaka hana mashaka ya aina hiyo. Kwenye daftari la mraba, ukurasa wa Novemba ile, ameandika "mahindi ya shosho – kodi miezi 4 – 18,000", na mtu akiuliza ploti ilitugharimu ngapi yeye hujibu laki tatu na tisini na nane. Mimi husema laki tatu na themanini. Tumelibishania hili mbele ya wageni. Na yale madebe mawili ya mahindi aliyotuletea shosho baada ya kupura, tuliyosaga tukala mpaka Pasaka, hajayatoa kwenye hesabu mpaka leo.