Karatasi Iliyonaswa Kabatini

"Mama, hii karatasi ya nini?"

Mwanangu mdogo alikuwa amejipenyeza nusu mwili ndani ya kabati linalobeba tangi la samaki, akifuta matone yaliyodondoka tulipobadilisha maji ya samaki. Kidole chake kilikuwa kwenye ncha ya karatasi inayochomoza pale juu, kati ya nguzo ya katikati na ubao unaobeba tangi. Nikamwambia asiivute, na sauti ikatoka kwa ukali nisioukusudia. Najua haivutiki. Ila siku iliponaswa pale, mimi na Kaka tulikuwa tumelala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, tukibishana.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye mchoro wa kabati hilo, tulipolijenga mimi na Kaka. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50. Likijaa hadi ukingoni, ukipuuza unene wa kioo, ni lita 240, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 kinaongeza kilo zipatazo 50, bado mchanga na mawe. Tulikuwa tunazungumzia zaidi ya kilo 300 zitakazokaa juu ya mbao usiku na mchana, bila siku ya kupumzika. Kaka, ambaye anaelewana sana na mbao, aliweka sharti moja kabla hata ya kushika msumeno: uzito uteremke ndani ya ubao wenyewe mpaka sakafuni, usining'inie kwenye skrubu. Kwa hiyo ubao wa juu ulilala juu ya mbao za ubavuni, haukubanwa kati ya mbao hizo. Skrubu zikabaki na kazi ya kuzuia viungo visiachane, na ubao wa mgongoni ukawa wa kuzuia kabati lisiyumbe upande kwa upande.

Hapo tulikubaliana. Tuligombana kuhusu upande wa mbele. Milango miwili ilihitaji uwazi, na uwazi ule ulimaanisha karibu sentimita 120 za ubao wa juu bila kitu chini yake. Kaka alitaka boriti moja tu, ukanda wa plaiwudi uliosimamishwa kwa upana wake chini ya ukingo wa mbele. "Inatosha, mdogo wangu. Na kioo chenyewe ni boriti." Mimi nilitaka nguzo katikati. Mbao hupinda kidogo bila madhara, lakini kioo hakiijui lugha hiyo, na sikutaka silikoni ya kwenye viungo vya tangi ndiyo iwe ya kusuluhisha tofauti zao. Kaka akasema nitaijutia nguzo hiyo kila siku ya kutoa chujio la maji lililomo kabatini. Mwishowe tukaweka vyote viwili: boriti yake ikapigwa gundi na skrubu, nguzo yangu ikapachikwa kavu, bila gundi, ili siku ikinichosha niitoe.

Kukata na kuunganisha nakupitisha haraka. Plaiwudi ya milimita 18, mkanda wa karatasi juu ya mstari wa msumeno ili tabaka la juu lisichanike, tundu dogo kwanza kabla ya kila skrubu. Kaka alifanya, mimi nilishika.

Umaliziaji ulikuwa wangu, na niliufanya kwa moyo wote. Plaiwudi ni matabaka yaliyogundishwa kwa kupishana nyuzi, moja likielekea huku na jingine kule, ndiyo maana haipindi ovyo. Lakini pale ilipokatwa, matabaka yote yanabaki wazi, na wazi huko ndiko inakokunywa maji, ikavimba, ikaanza kuachana. Nilipiga msasa namba 120, nikaenda 180, nikamalizia 220, kila mara nikifuata mwelekeo wa nyuzi. Vanishi ya kwanza niliizimua iwe nyepesi ili izame. Ilipokauka ubao ulikuwa mkwaruzo mtupu, maana unyevu huinua nyuzi, basi nikapitisha msasa laini, nikafuta vumbi, nikarudia. Kingo nilizirudia zaidi ya kwingine, mpaka zikaacha kunyonya brashi. Nikapaka ndani. Nikapaka hata upande wa chini unaogusa sakafu. Kaka akauliza ni nani atakayelala chini kuutazama. Nikamwambia maji yatalala.

Kisha tukaacha harufu iishe kabisa. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuipuliza moja kwa moja ndani ya tangi, kwa hiyo mvuke wa vanishi mbichi huwafikia samaki pia, si pua zetu tu.

Siku ya maji tuliweka pima maji juu ya kabati kwa urefu na kwa upana, tukatandika sponji nyembamba, tukainua tangi tupu na kulilaza. Hapo Kaka akachana ukanda kutoka kwenye ule mchoro wetu, akajilaza chini, akaupitisha juu ya nguzo yangu. Ukaingia. Akauvuta mbele na nyuma bila shida.

"Unaona? Nguzo yako haibebi kitu."

"Tangi ni tupu, Kaka."

Tukafungulia mpira. Maji yalipofika robo, karatasi ilikuwa bado inatembea. Nusu, nikafunga na kupima kwa rula kutoka usoni mwa maji hadi ukingo wa kioo, pembe zote nne. Zilikuwa sawa. Kaka akavuta karatasi, ikaja, ila safari hii ilikuwa inakwaruza. Nikafungulia tena, na muda si mrefu kabati likatoa mlio mmoja mkavu, kama kifundo cha kidole kinapoalikwa. Nikafunga. Hatukusemezana. Kaka alipitisha tochi kiungo kwa kiungo, mimi nikaweka kiganja kwenye ubao wa ubavuni, nikisubiri niusikie ukisogea. Haukusogea. Mpaka leo sijui mlio ule ulitoka wapi.

Nikafungulia kidogo sana, maji yakawa yanapanda kama hayataki. Yalipopita theluthi mbili Kaka akashika karatasi, akavuta. Haikuja. Akaishika kwa vidole viwili, akavuta kwa nguvu, ikachanika. Kipande kikabaki mkononi mwake, kingine kikabaki juu ya nguzo.

"Imebeba," nikasema.

"Imegusa," akasema.

Na huo ndio ubishi wetu hadi leo. Karatasi ya kawaida ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Ubao wa juu ulishuka mpaka nafasi iliyobaki ikawa hiyo tu, hatubishani. Lakini inawezekana boriti yake ingeishia hapo hapo hata kama nguzo isingekuwepo. Inawezekana pia ingeendelea kushuka. Kabati kusimama imara hakumpi ushindi yeyote kati yetu, kama vile kingo zangu kutovimba hakunithibitishii kwamba vanishi ndiyo iliyozuia. Huenda ni kwa sababu hatujawahi kumwaga maji mengi. Nimejaribu kutafuta somo hapo na kila nikilishika linaniponyoka. Ninachojua ni kwamba ningepewa plaiwudi ile leo, ningeipaka chini tena.

Sasa chujio la zamani limechoka, na linalofaa kulirithi ni pana, halipiti mlangoni nguzo ikiwepo. Kaka amelipata neno lake. Anataka tutoe maji, tuchomoe nguzo, tujaze upya, tupime. Nikamuuliza kuhusu samaki, akasema watakaa kwenye pipa mpaka tuhakikishe. Pipa nimelisafisha, hilo nimemkubalia. Kuhusu nguzo bado hatujasikilizana.