Kwa nini nilirudi kutolewa lenzi iliyokuwa jichoni

Tangu nipandishe ile picha ya vipande viwili vya plastiki juu ya pamba, meseji haziishi. Wengine walidhani ni kucha. Ile ni lenzi iliyokuwa ndani ya jicho langu la kulia, imekatwa katikati ili itoke, nami nikaipiga kwa lenzi yangu ya makro mezani nyumbani, Sinza. Wanaouliza "mzee, mtoto wa jicho si alishatolewa?" wana haki. Alitolewa, yaani ile lenzi ya asili iliyoingia ukungu, na operesheni ile ilikwenda vizuri tu. Kasheshe ilikuwa kwa kile kilichowekwa mahali pake.

Mimi napiga picha za harusi. Kazi yangu ni usiku, kwenye taa za rangi, mishumaa, mwanga mkali wa watu wa video, na emsii anayetaka ukumbi uzimwe taa zote maharusi wanapoingia. Kliniki ya kwanza iliniambia kuna lenzi ya kuona mbali na karibu kwa pamoja, wenyewe wanaiita maltifokali, miwani nitaisahau kabisa. Tofauti ya bei ikaandikwa kwenye kikaratasi, nikasogezewa. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu ni ipi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata hela. Lenzi zile si mbaya. Dada yangu yuko Moshi anazo macho yote mawili, anasoma Biblia bila miwani, na malalamiko yangu hataki hata kuyasikia.

Mchana sikuwa na neno. Nilisoma maandishi madogo ya kwenye pakiti za dawa nikajiona kijana. Jua likizama, kila taa inavaa pete. Bodaboda za siku hizi zenye taa nyeupe za LED zilinijia pale Shekilango kila moja na pete zake, moja nje ya nyingine, na miale ikichomoza pande zote. Kwenye foleni ya Ubungo taa za breki ziliungana zikawa ukuta mwekundu. Nikaacha kuendesha usiku, kijana wangu wa kazi akashika usukani. Ukumbini ndiko nilikopata uhakika. Nikiweka jicho kwenye kamera, bibi harusi amezingirwa na ukungu wa mwanga. Nikimwonyesha kijana picha yenyewe, safi. Basi uchafu hauko kwenye kamera.

Mtu wa picha hapati shida kulielewa jambo hili. Lenzi haiumbi mwanga, inaupanga tu ule ulioingia. Ile ya maltifokali imechongwa miduara midogo inayougawa mwanga: sehemu inatengeneza picha ya mbali, sehemu ya karibu. Ukitazama taa iliyo mbali, ule mwanga uliotengewa karibu hauyeyuki. Unafika kwenye retina, ule ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea picha, ukiwa nje ya fokasi na kuizunguka taa. Hiyo ndiyo pete. Ubongo wa wengi hujifunza kuipuuza, ndiyo maana kila daktari huanza kwa kusema "utazoea", na kwa wengi husema kweli. Mimi nilisubiri, miezi ikapita, pete ziko palepale.

Tena usidhani visa hivi ni vya maltifokali peke yake. Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na mzee wa Kigamboni aliyewekewa lenzi ya kawaida, ya umbali mmoja. Yeye tatizo lake ni kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, upande wa sikio, na kila mara anageuka akidhani kuna mtu kasimama pale. Nikaelezwa baadaye: mwanga unaoingia kwa pembeni, mwingine hupita nje ya ukingo wa lenzi na mwingine hupindwa na lenzi yenyewe, katikati ukabaki ukanda wa retina usiopata kitu. Lenzi nyingi za leo zina ukingo wa mraba, kwa makusudi, ili seli zisitambae nyuma yake na kutengeneza utando. Lakini ukingo huohuo nao huweza kurusha mwanga na kuleta mng'ao au vivuli. Kwa walio wengi kivuli kama cha mzee hufifia chenyewe.

(Kwa wapenda historia: lenzi ya kwanza ya plastiki iliwekwa jichoni London mwaka 1949, na daktari Harold Ridley. Alikuwa ameona marubani wa vita waliorukiwa na vipande vya kioo cha plastiki cha ndege zao, na macho yao hayakukikataa. Mgonjwa wake wa kwanza alibaki haoni mbali kabisa bila miwani mikali, maana hesabu ya nguvu ya lenzi haikuwa sawa. Nikikumbuka hilo hasira hupungua kidogo.)

Kliniki ya kwanza, nilipoendelea kulalamika, ikanipangia leza ya kusafisha utando nyuma ya lenzi. Mama Neema ndiye aliyenizuia. "Baba Neema, kabla hawajatoboa kitu, nenda kwa mtu mwingine akuangalie." Nikaenda.

Daktari wa pili ni binti wa umri wa mwanangu. "Shikamoo baba. Naambiwa unaona pete." Nikaitikia marahaba, nikaanza hotuba yangu. Akanikatiza kwa adabu: "Usinielezee baba, nichoree." Sikuwa na karatasi ila kadi ya mchango wa harusi mfukoni. Nikachora nyuma yake: taa katikati, pete, miale, na wapi miale ni mirefu. Nikafunga jicho moja, nikachora la pili. Akaiweka kadi kwenye faili langu, na naamini bado iko humo.

Hakukimbilia kisu. Alipima kama jicho ni kavu, kama kuna nguvu ya miwani iliyobaki, kama lenzi imekaa katikati, na retina ikoje. Akanipa matone ya kubana mboni usiku; pete zikapungua, hazikuisha. Kuhusu leza alikuwa na msimamo. "Utando wako ni mwembamba, hauwezi kuleta pete hizi. Na leza inatoboa kifuko kinachoshika lenzi kwa nyuma. Kikishatobolewa, kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Tuamue kwanza kuhusu lenzi." Laiti maneno haya yangebandikwa ukutani kila kliniki ya macho.

Hatari alinitajia bila kuzipaka sukari. Kifuko kinaweza kuchanika, konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikapoteza seli zake, retina ikavimba au hata kubanduka. Na kadiri miezi inavyokwenda kifuko hujikunja na kuing'ang'ania ile mikono miwili ya lenzi inayoishikiza ndani ya jicho, hivyo kusubiri nako kuna bei yake. Nikasaini.

Niko macho muda wote, jicho limetiwa ganzi. Maumivu hapana, ila unahisi kusukumwasukumwa. Anaingiza jeli mithili ya ute ili kuibandua lenzi kwenye kifuko taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili. Huo wa pili ulimchukua muda. Nilimsikia akiomba jeli nyingine, nami nikawa nahesabu pumzi. Kisha akasema, "Baba, naikata sasa," maana lenzi ina upana wa milimita 6 hivi na tundu aliloingilia ni dogo kuliko hapo. Mkasi wenyewe sikuuona. Niliona mwanga ukigawanyika, kisha kila kitu kikawa ukungu mtupu mpaka ile mpya ilipofunguka.

Niliomba vipande. Nyumbani nilivilaza juu ya pamba, nikaweka taa kwa pembeni, nikainamisha kidogo, na miduara ikajitokeza mmoja baada ya mwingine. Mama Neema aliangalia kwenye skrini akasema, "Kumbe zilikuwepo kweli." Miezi yote ile!

Sasa nina lenzi ya kawaida, ya umbali mmoja, imepangwa kwa mbali. Taa ni taa. Barabara ya Sam Nujoma naendesha usiku mwenyewe. Skrini ya kamera siioni bila miwani ya kusomea, kwa hiyo inaning'inia shingoni kwa kamba, na vijana wa ukumbini wameshanipa jina. Kliniki ya kwanza ilisema lenzi yao haikuwa na kasoro, hivyo hakuna cha kurudisha.

Jicho la kushoto nalo lina mtoto, bado mchanga. Daktari anapendekeza wakati ukifika liwekewe lenzi ya kawaida iliyopangwa kwa karibu, macho yagawane kazi, moja mbali na moja karibu. Wapo wanaoipenda hali hiyo. Mimi siku hizi sinunui bila kujaribu, basi amenipa lenzi ya kuvaa inayoigiza hali hiyo, niende nayo harusini Mbezi Jumamosi hii. Mkiona nimemkata bwana harusi kichwa, mjue nimekataa.