Uzazi Usio na Arobaini

Dada yangu amerudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi kwetu Malindi kwa mimba ya kwanza. Asubuhi mama humkorogea uji wa pilipili manga, mchana supu, jioni hukandwa na maji ya moto. Hadi arobaini iishe, hagusi kazi. Mimi nimepewa zamu ya usiku ya kumbembeleza mtoto, na usiku huo ndio ulionifanya nisome habari za nyangumi wa kijivu mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Huyu si wa bahari yetu. Ni wa Pasifiki ya Kaskazini. Kiangazi hula katika bahari za Bering na Chukchi, kaskazini kati ya Alaska na Urusi: hulala ubavu kule chini, akafyonza tope na kuchuja vidudu vya jamii ya kamba. Baridi ikikaribia hushuka na pwani ya Marekani hadi kwenye ghuba za Baja California, Mexico. Kwenda na kurudi ni kilomita 16,000 hadi 20,000. Mimba huchukua kama miezi 12 au 13, kwa hiyo jike huipandisha kaskazini, hula kwa ajili yake, kisha huteremka nayo tena kuzaa.

Umbali haukunishtua, sisi tumelelewa na hadithi za majahazi ya Arabuni. Kilichonishika ni njaa. Tangu aondoke kaskazini hadi arudi, miezi na miezi, mzazi huyu hali kitu, au hula kidogo mno. Huzaa mtoto wa mita nne na nusu hivi, akamnyonyesha maziwa ambayo karibu nusu yake ni mafuta, na yote hayo yanatoka kwenye unene aliojiwekea. Anakwenda kujifungua mahali ambapo hakuna wa kumpikia! Nilipomsimulia dada, aliuliza swali moja tu: baba yuko wapi? Nikamwambia madume hutangulia kurudi kaskazini, wenye watoto huondoka mwisho. Akasonya.

Na binadamu tulimfuata hukohuko uzazini. Mwaka 1857 nahodha Charles Scammon aliingia kwenye ghuba ya Ojo de Liebre na kuanza kuwachoma vyusa. Majike walipigana kutetea watoto wao hata wavuvi wakawaita samaki wa shetani. Jina la kihuni, nikiulizwa mimi. Baada ya kulindwa waliongezeka hadi karibu 27,000 mwaka 2016, kisha wakashuka hadi 14,500 hivi mwaka 2023. Wengi walikufa wamekonda, kwa kuwa barafu ya kaskazini inabadilika na chakula nacho kimepungua.

Wetu wa hapa ni nyangumi wenye nundu. Hutoka Antaktika wakati wa kusi, na kati ya Julai na Septemba huonekana Malindi na Watamu, baadhi wakiwa na watoto. Nao wamefunga vilevile, ndiyo maana sipendi kuona boti ikimkimbiza mama: kila mbio anazopiga zinachota kwenye akiba ya kunyonyeshea. Ami yangu hupeleka watalii, na akimwona mama na mtoto huzima injini palepale. Msimu uliopita mgeni mmoja alidai arudishiwe pesa kwa kuwa hakupata picha ya karibu. Ami alimrudishia nusu, akamwambia boti nyingine zipo.